Kufundisha Kihindi na Kiurdu kwa hadithi moja ya koleo

Mtoto wa miaka minne au mitano anakwenda sokoni siku ya Idi na paisa 3 mkononi. Wenzake wamemzidi: Mahmood ana paisa 12, Mohsin ana 15. Wao wananunua sanamu za udongo na vitamutamu. Yeye anapita penye duka la vyombo vya chuma, anaona koleo, na anamkumbuka bibi yake, ambaye huungua vidole kila akipika chapati. Analinunua kwa paisa zake zote tatu.

Hadithi hiyo inaitwa Idgah, yaani uwanja wa kuswalia Idi. Iliandikwa na Premchand na kuchapishwa mwaka 1933. Mimi hufundisha Kihindi na Kiurdu darasa la jioni, watu wazima kumi hivi, wote Waswahili kwa lugha, na kwa miaka kadhaa sasa hadithi hii ndiyo kitabu changu cha kiada. Mwongozo huu ni kwa mwalimu yeyote anayetaka kufanya hivyo: achukue hadithi moja fupi, akae nayo wiki kumi, na lugha aitoe humo.

Hatua ya kwanza: chagua hadithi moja, na iwe fupi

Mwaka wangu wa kwanza niliwapa wanafunzi riwaya nzima. Kufika ukurasa wa ishirini darasa lilikuwa limebaki nusu, na waliobaki walikuwa wakitafsiri neno kwa neno huku hawajui tena nani ni nani. Kosa lilikuwa langu. Mwanafunzi anayejifunza lugha anahitaji kusoma jambo lilelile mara tano, na hakuna anayerudia riwaya mara tano.

Idgah inasomeka kwa kikao kimoja. Watu wake ni wachache: Hamid, bibi yake Ameena, na rafiki zake wachache. Sentensi ni fupi. Mazungumzo ni mengi, na mazungumzo ndiyo wanafunzi wanayotaka kuondoka nayo. Tena haina tatizo la haki za mwandishi: Premchand alifariki mwaka 1936, na sheria ya India hulinda kazi kwa miaka 60 baada ya kifo cha mwandishi. Unaweza kuichapa, kuikata vipande na kuwagawia bila wasiwasi.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niipende. Premchand, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Dhanpat Rai, alizaliwa mwaka 1880 katika kijiji cha Lamhi karibu na Varanasi. Alianza kuandika kwa Kiurdu, baadaye akahamia Kihindi. Alikuwa Mhindu, na hapa anasimulia Idi ya mtoto wa Kiislamu kama mtu aliyekaa jikoni kwao. Darasani mwangu huwa nina mwenye asili ya Gujarat, mwenye asili ya Punjab, na wasio na asili yoyote ya huko. Hadithi hii huwapa wote mahali pa kukaa kabla hatujafika kwenye mgawanyiko wa India na Pakistani wa 1947 na ubishi wa lugha ipi ni ya nani.

Hatua ya pili: amua hati mapema

Kihindi huandikwa kwa Devanagari, Kiurdu kwa hati ya Kiarabu iliyoongezwa herufi. Kwa mazungumzo ya kila siku ni karibu lugha moja. Tofauti huonekana zaidi kwenye maandishi na kwenye msamiati wa juu. Usijaribu kufundisha hati zote mbili kwa pamoja kwa mtu anayeanza.

Nawauliza wanafunzi siku ya kwanza: nani alisoma chuoni, yaani madrasa, utotoni? Pwani, mikono mingi hupanda. Hao tayari wanajua alifu mpaka yee, wamebakiza herufi chache tu ambazo Kiarabu hakina: pe, che, zhe, gaf, na zile za t, d na r zinazotamkwa kwa ncha ya ulimi iliyokunjwa kwenda juu. Kwao naanza na hati ya Kiurdu, na katika wiki mbili wanasoma, ingawa mwandiko wa nastaliki unaoteremka kama ngazi huwasumbua macho kidogo. Wengine naanza nao Devanagari. Ina faida kubwa: kinachoandikwa karibu chote hutamkwa, na irabu fupi hazifichwi.

Herufi za Kilatini nazitumia wiki tatu za mwanzo, kisha nazikataza ubaoni. Mwanafunzi anayesoma kwa Kilatini atasema *pal*, yaani nukta ya muda, na *phal*, yaani tunda, kwa namna moja. Wazungumzaji wa Kimvita wana bahati hapa. Wao wanatofautisha paa la nyumba na paa mnyama kwa pumzi inayotoka baada ya p. Ukiwaambia "ph ni ile p ya mnyama," wanaipata papo hapo, halafu wanawafundisha wenzao kutoka bara.

Hatua ya tatu: waonyeshe wanachokijua tayari

Kabla ya kusoma, nawapa kurasa mbili za kwanza na kalamu ya rangi. Kazi ni moja: piga mstari chini ya kila neno linalofanana na neno unalolijua. Dakika ishirini. Hawajui bado hata kitenzi kimoja.

Wanarudi na *dukan*, *paisa*, *duniya*, *khabar*, *waqt*, *jawab*, *sawal*, *umr*, kutegemea umewakatia kipande gani. Mengi ya hayo yalitoka Kiarabu au Kiajemi, yakaenda upande wa India na upande wa Pwani kila moja kwa njia yake. Mengine, kama pesa, gari, laki na chapati, tuliyapokea kutoka India yenyewe. Rupia ilikuwa sarafu ya Afrika Mashariki ya Kiingereza mpaka 1920. Wazee walihesabia humo.

Hapo kuna furaha kubwa darasani, na pia mtego. Maneno haya hayakukaa mahali pamoja. Premchand anamtambulisha Hamid kama mtoto *gareeb-surat*. *Surat* ni sura, hilo hawakosi. Lakini *gareeb* wanaweka "mgeni", kwa sababu gharibu kwetu ni mtu wa ugenini. Kwa Kihindi na Kiurdu ni maskini. Ni mtoto mwenye sura ya kimaskini. Vivyo hivyo *fikr* huko ni wasiwasi zaidi kuliko fikra, na mtu akikuuliza *tabiyat* yako ikoje anauliza afya, hakukuuliza tabia. Fungua ukurasa nyuma ya daftari kwa ndugu hawa walioachana. Utajaa, na mitihani yangu yote huwa na swali kutoka humo.

Hatua ya nne: kaa kwenye sentensi ya kwanza

Hadithi inafungua hivi: *Ramzan ke poore tees rozon ke baad Eid aayi hai.* Baada ya saumu thelathini kamili za Ramadhani, Idi imefika.

Mimi humaliza kipindi kizima hapa, dakika tisini. Mwalimu mgeni ataona ni kupoteza muda. Angalia kilichomo. *Ke baad* ni "baada ya", na *baad* ni baada yetu ileile, ila imekaa nyuma ya nomino. Kwa Kiswahili tunatanguliza: baada ya Ramadhani. Wao wanachelewesha: Ramadhani ya baada. Mwanafunzi akilishika hili kwenye neno analolijua tangu utoto, amekwisha kuelewa vihusishi vyote vya lugha hii, kwamba vyote hukaa nyuma. *Tees* ni thelathini. *Roza* imekuwa *rozon* kwa sababu ni wingi na ina neno la kihusishi nyuma yake. *Aayi* imemalizikia na i kwa sababu Eid ni nomino ya kike. Na kitenzi kimekaa mwisho.

Sasa waambie wabadilishe. Baada ya siku kumi Hamid amefika. Baada ya mwaka mmoja barua imefika. Wabadilishe kwa mdomo, mmoja baada ya mwingine, haraka, mpaka sentensi ile iingie mwilini. Siku ya pili wataisema bila kuangalia karatasi, na mtu anayeweza kusema kwa moyo sentensi moja iliyoandikwa vizuri ana mizani ya kupimia sentensi zake mwenyewe.

Hatua ya tano: sarufi ifuate matukio

Usiwe na jedwali la sarufi pembeni na hadithi pembeni. Kila tukio lina sarufi yake. Mwalimu ajiandae kuiona.

*Wakati ujao.* Baba yake Hamid alikufa kwa kipindupindu, mama naye akanyong'onyea akafa. Mtoto hajui. Ameambiwa baba amekwenda kutafuta fedha na mama amekwenda kwa Mwenyezi Mungu kumletea vitu vizuri. Kwa hiyo Hamid ana furaha, kwa sababu watarudi. Waambie wanafunzi waandike sentensi tano za mambo ambayo Hamid anaamini yatatokea: baba atakuja, ataleta, mama atanipa. Wanaandika wakati ujao huku wanajua kwamba hakuna hata moja kati ya hizo itakayotimia. Nimeona mtu mzima akiacha kalamu. Hilo zoezi halisahauliki, na viambishi vyake havisahauliki pia.

*Hesabu.* Wavulana wanazihesabu pesa zao tena na tena. Namba za Kihindi kuanzia 1 mpaka 99 karibu kila moja ina umbo lake, hakuna kanuni ya kukuokoa kama "ishirini na moja". Basi wahesabu pamoja na Mohsin. Waeleze pia kwamba kabla ya 1957 rupia moja ilikuwa paisa 64, ili waelewe udogo wa zile paisa 3.

*Kununua.* Mwenye duka anataka paisa 6. Hamid moyo unamzama. Mwenye duka anasema, basi 5, *theek-theek*, sawasawa kabisa. Na hata Kiswahili chetu hapo kinarudia neno. Hamid anajikaza anauliza kama atachukua 3, kisha anaanza kuondoka asije akasikia matusi. Mwenye duka anamwita arudi. Wape wanafunzi koleo la kweli, wapange wawili wawili, na wacheze. Baada ya mara mbili wabadilishe bidhaa: maembe, khanga, simu iliyotumika. Kujadiliana bei hatuhitaji kufundishwa na mtu. Tunachohitaji ni maneno, na maneno yamo kwenye hadithi.

*Kipashio ne.* Hapa ndipo darasa nyingi huvunjika. *Hamid ne chimta kharida*: Hamid alinunua koleo. *Ameena ne roti pakayi*: Ameena alipika chapati. Katika wakati uliopita, kitenzi chenye yambwa, yaani kitu kinachotendwa, hakimfuati mtenda, kinafuata kitu. *Chimta* ni ya kiume, kwa hiyo *kharida*, na ingekuwa *kharida* hata kama mnunuzi ni mwanamke. *Roti* ni ya kike, kwa hiyo *pakayi*. Mwanafunzi anayefikiri Kiswahili hashangai kitenzi kikipokea alama ya kitu. Koleo ali-li-nunua, chapati ali-zi-pika. Anzia hapo. Ukianza na istilahi nzito za kiisimu utawapoteza kwa jambo ambalo nusu yake wanalijua.

Na jinsia ya nomino isiwatishe watu wenye ngeli zaidi ya kumi. Ngeli mbili tu, ya kiume na ya kike. Sentensi bora ya kufundishia ninayoijua iko kwenye mabishano ya wavulana, Hamid akisifia koleo lake: begani *bandook ho gayi*, limekuwa bunduki, mkononi *faqiron ka chimta ho gaya*, limekuwa koleo la mafakiri. Kitu ni kilekile, kitenzi ni kilekile, kimebadilika kwa sababu bunduki ni ya kike na koleo ni la kiume.

Hatua ya sita: sikiliza nani anamwita nani nani

Kiswahili kina "wewe" mmoja. Kihindi na Kiurdu vina watatu: *tu*, *tum* na *aap*. Vitabu vya kiada hueleza kwa mistari mitatu, kwamba *aap* ni ya heshima. Kisha mwanafunzi anafungua hadithi na kumkuta Hamid akimwambia bibi yake *tum*: usiogope, Amma, nitarudi wa kwanza.

Je, mtoto amekosa adabu? Waulize, na uwaache wabishane. Jibu liko kwenye hali yao. Ni mtoto na bibi peke yao ndani ya kibanda, hakuna mtu mwingine duniani. *Tum* ni ukaribu. Halafu uwape kazi: mtoto huyohuyo akikutana na imamu uwanjani atasema nini? Mwenye duka? Mungu, katika dua? Kwa Mungu mara nyingi ni *tu*, neno lilelile la mtoto mdogo na la mtu unayemdharau. Sisi tunabeba heshima kwenye shikamoo, kwenye "bibi" na "mzee", kwenye namna ya kumpa mtu kitu kwa mikono miwili. Wao wameiweka pia ndani ya kitenzi, na mtu atakayejifunza kupitia hadithi ataihisi kabla hajaikariri.

Hapa pia ndipo pa kuzungumzia simu. Wanafunzi wataingiza ukurasa kwenye programu ya kutafsiri, sikatazi. Naomba waje na tafsiri hiyo, na kazi yao ni kutafuta ilichopoteza. *Tu*, *tum* na *aap* zote zimetoka "wewe". Wanazirudisha kwa njia nyingine: mmoja aliandika "wee" kwa *tu*, mwingine akaongeza "bibi yangu" pale ambapo Hamid anasema *tum*. Kwa maneno moja moja, tovuti ya Rekhta, iliyoanza 2013, ni msaada mkubwa: shairi la Kiurdu unaliona kwa hati ya Kiurdu, kwa Devanagari au kwa Kilatini, na ukigusa neno unapewa maana. Kwa asili ya maneno, kamusi ya Platts ya mwaka 1884 inapatikana bure kwenye maktaba ya kidijitali ya Asia Kusini ya Chuo Kikuu cha Chicago. Ni ya zamani na bado haijapitwa.

Kila wiki pia natuma ukurasa kwa sauti kwenye kundi la WhatsApp, nao wanarudisha sauti zao. Wanaosikiliza wakiwa kwenye daladala au matatu ndio wanaoendelea haraka zaidi.

Hatua ya saba: katikati, pumzika na shairi

Wiki ya tano au ya sita watachoka. Funga hadithi, fungua ubeti mmoja wa Kabir, mfumaji wa Varanasi wa karne ya 15, unaojulikana na kila mtoto wa shule kaskazini mwa India: *kal kare so aaj kar*. La kesho lifanye leo. Utasikia mtu akisema mara moja, linalowezekana leo lisingoje kesho. Sasa waambie kwamba *kal* ni kesho na pia ni jana, na kitenzi ndicho kinachoamua. Watakataa. Waache wajaribu sentensi kumi.

Wapenzi wa ushairi wa Kiswahili watajikuta nyumbani. Mizani ya shairi la Kiurdu inaitwa *behr*, na sisi tuna bahari za ushairi. Kina ni *qafia*. *Radif* ni neno linalorudiwa lilelile baada ya kina, mwisho wa kila ubeti wa ghazali. Mchezo wa *bait-bazi* tunaucheza kwa nusu saa: mmoja anasema ubeti, anayefuata lazima aanze na herufi iliyomalizia. Kila mtu anakuja na beti tatu alizohifadhi. Kuhifadhi kumepewa jina baya mashuleni siku hizi. Kwa lugha hizi, ambazo ushairi wake husemwa hadharani na watu hujibu kwa sauti, mtu asiye na ubeti kichwani anabaki nje ya mazungumzo.

Kama lugha yako ni nyingine

Mpango ni uleule, matini tofauti. Kwa Kitamil, Tirukkural ina beti 1,330, kila moja ya maneno saba tu katika mistari miwili. Beti moja kwa wiki inatosha darasa la mwanzo. Kwa Kibengali, Kabuliwala ya Tagore, ya 1892, ina mtoto anayeongea bila kukoma, na mtoto anayeongea ni mwalimu mzuri. Kwa Kigujarati, nyimbo za Narsinh Mehta wa karne ya 15 huenda zinaimbwa tayari nyumbani kwa baadhi ya wanafunzi wako, jambo ambalo ni nusu ya kazi. Kikachi, kinachosemwa na familia nyingi za Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, kimeishi zaidi mdomoni. Hapo mtume mwanafunzi kwa bibi yake na kinasa sauti, na alichokirekodi ndiyo matini.

Hatua ya mwisho: kurudi nyumbani

Ukurasa wa mwisho usiwape mapema. Wasiutafute mtandaoni, waombe, nao watakubali. Usome wewe, kwa sauti, mara moja bila kusimama. Hamid anarudi, Ameena anamkumbatia, anaona koleo. Anakasirika: mtoto gani huyu, mchana umefika hajala wala hajanywa, amenunua koleo? Na Hamid, kama mwenye kosa, anaeleza kwamba vidole vyake vilikuwa vikiungua kwenye *tawa*, kikaango cha chapati.

Sentensi yake ina *tum*, ina mazoea ya wakati uliopita, ina *ne*. Yote waliyojifunza yamo humo, na kwa mara ya kwanza hawatatafsiri kichwani. Wataelewa kabla hujafika mwisho wa sentensi. Usiulize swali. Bibi analia, Premchand anasema mtoto amekuwa mzee na bibi amekuwa msichana mdogo. Funga karatasi, wape wiki moja, na kazi ya nyumbani iwe hii: andika, kwa Kihindi au Kiurdu, ulichowahi kumletea mtu nyumbani, na alichokuambia alipokipokea.